Bata Bukini Mmoja kwa Siku: Uchambuzi wa Kisa cha Msimu wa 2019–2020, Mashariki ya Ghuba ya Chesapeake

Kisa hiki ni cha kampuni ndogo inayoongoza wawindaji wa bata bukini upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake, Marekani. Majina, mahali mashamba yalipo na hesabu za fedha vimeondolewa, na mambo madogo mawili matatu yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwenye kampuni nitamwita Mwenye Kampuni, mfanyakazi wake wa siku nyingi nitamwita Kiongozi, na mkulima aliyewakodisha shamba kubwa kuliko yote nitamwita Mzee wa Shamba. Kanuni na takwimu za ndege sikuzigusa.

Wanaosoma usimamizi wa wanyamapori hufundishwa jinsi vikomo vya uwindaji vinavyopangwa. Mara chache huoneshwa kikomo kinavyomfikia mtu aliyekwisha kupokea pesa za wateja.

## Usuli: ndege

Bata bukini wa Kanada waliomo katika kisa hiki ni wale wahamao. Hutaga Rasi ya Ungava, kaskazini mwa Quebec, kando ya Ghuba ya Hudson na Ghuba ya Ungava. Vuli ikiingia hushuka kusini, na wengi wao huishia Rasi ya Delmarva, kati ya Chesapeake na bahari. Mchana hula punje za mahindi zilizobaki mashambani baada ya mavuno, usiku hulala majini. Wataalamu huwahesabu kama kundi moja, kundi la Atlantiki.

Hapo hapo wako ndugu zao wasiohama. Hao hukaa mwaka mzima kwenye mabwawa ya viwanja vya gofu na bustani za miji, na baadhi yao ni uzao wa ndege waliofugwa zamani kuwa chambo hai cha kuwavuta wenzao wa mwituni, kabla chambo hai hakijapigwa marufuku mwaka 1935. Akipita juu ya kichwa chako, mhamaji na mkaazi ni ndege mmoja tu machoni. Nusu ya ugomvi nitakaousimulia ulitoka hapo.

Jambo la pili ni maisha yenyewe ya ndege huyu. Anaishi miaka mingi, na kwa kawaida haanzi kutaga mpaka afike kama miaka mitatu. Makinda wa mwaka huo ndio wepesi kupigwa, kwani hawajajua bunduki wala bata bandia wanaopangwa kuwavuta. Katika mwaka wa makinda wengi, wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya risasi. Katika mwaka wa makinda wachache, risasi zile zile zinawaangukia wazazi, nao ndio mtaji wa kundi.

Watu wa eneo hili walishaonja hasara ya mtaji huo. Jozi zilizokuwa zikitaga Ungava zilishuka kutoka takriban 118,000 mwaka 1988 hadi 29,000 mwaka 1995. Mwaka huo msimu wa ndege wahamao ulifungwa kabisa, ukaanza kufunguliwa tena kidogo kidogo mwaka 1999. Mzee wa Shamba aliniambia shimo lake la kuvizia liliota magugu, na bata bandia wa mbao aliokuwa nao aliwauza kwa watu wa mapambo ya sebuleni.

## Usuli: sheria na kalenda yake

Mamlaka ya kupanga misimu yanatokana na mkataba wa ndege wahamao wa 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, na sheria ya 1918 iliyoutekeleza. Msimu wa kawaida hauwezi kuanza kabla ya tarehe 1 Septemba, wala kupita tarehe 10 Machi, wala kuzidi siku 107. Ndani ya mipaka hiyo Idara ya Samaki na Wanyamapori ya serikali kuu huweka fremu ya kila mwaka: siku ngapi, ndege wangapi kwa mtu kwa siku. Jimbo huchagua tarehe zake ndani ya fremu. Linaweza kubana zaidi, kulegeza haliwezi. Nchi imegawanywa katika kanda nne kufuata njia za ndege, yaani Atlantiki, Mississippi, Kati na Pasifiki, na kila kanda ina baraza la wataalamu wa majimbo linalotoa mapendekezo.

Sehemu wanayoiruka wengi ni kalenda. Zamani hesabu za ndege zilifanywa wakati wa kutaga, maamuzi yakatolewa kiangazi, msimu ukafunguliwa vuli ile ile. Kuanzia msimu wa 2016–2017 utaratibu ulisogezwa mbele ili kuwe na muda wa maoni na uchapishaji. Baraza hukaa vuli, fremu hukamilika miezi ya mwanzo ya mwaka, na msimu huanza Septemba inayofuata. Kwa hiyo msimu unaowinda leo umepangwa kwa hesabu ya Juni ya mwaka jana.

Ukiujua huo utaratibu, kila kitu kilichotokea hapa kinasomeka. Mwenye Kampuni hakuujua. Alikuwa amekaa katika kazi hii zaidi ya miaka kumi na mitano.

## Kampuni kabla ya mabadiliko

Kampuni ilikuwa na mashamba sita ya kukodi, yote ya mahindi na soya. Kila shamba lilikuwa na shimo moja au mawili ya kuvizia, yaani sanduku refu lililofukiwa ardhini, lenye benchi ndani na kifuniko cha mabua juu. Wateja walikuja wanne wanne, wengi kutoka miji ya mbali, wakalipa kwa asubuhi moja au mbili. Kikomo kilikuwa ndege 2 kwa mtu kwa siku, kwa msimu wa siku 50. Kundi la watu wanne likirudi na ndege wanane limefurahi, limepiga picha, na limelipia mwaka ujao palepale kwenye maegesho.

Malipo hayo ya awali ndiyo yaliyolipa kodi za mashamba mwezi Februari. Kwa maneno mengine, kodi ya msimu ujao ililipwa na imani ya wateja kwamba kikomo hakitabadilika.

## Mfuatano wa matukio

Juni 2018. Theluji ilichelewa kuyeyuka Ungava. Bata bukini akifika akakuta theluji imefunika mahali pa kiota, hasubiri bila mwisho. Mwili wake umebeba akiba ya safari tu, na kiangazi cha huko ni kifupi. Wengi hawakutaga, au walitaga wakiwa wamechelewa. Eropleni za utafiti ziliporuka kuwahesabu, makadirio yalikuwa jozi 112,000, kutoka 161,000 za mwaka 2017, na makinda walikuwa haba sana.

Vuli 2018. Hapa kalenda ilionyesha ubaya wake. Msimu wa 2018–2019 ulikuwa umeshapangwa kwa hesabu za 2017, kwa hiyo uliendelea na ndege 2 na siku 50, wakati wazazi wakirudi kusini karibu bila watoto. Kiongozi aliliona kwa mikono yake mwenyewe. Akimgeuza ndege aliyepigwa hutazama manyoya ya mkia: ya kinda huwa na ncha iliyokatika kama imenyofolewa, ya mzima ni duara safi. Krismasi ilipofika alikuwa amehesabu makinda wachache kiasi kwamba aliacha kuangalia. Alimwambia Mwenye Kampuni. Jibu lilikuwa kwamba mashamba yamejaa ndege.

Na kweli yalikuwa yamejaa. Baridi iligandisha mabwawa ya kaskazini, ndege wakajikusanya kwenye maji machache yaliyobaki wazi, na wakaazi wa viwanja vya gofu wakajichanganya nao. Ukisimama barabarani ukaona shamba jeusi kwa bata bukini, ni vigumu mtu kukuambia wamepungua ukamwelewa.

Vuli hiyo hiyo baraza la ukanda lilipendekeza msimu wa 2019–2020 ushuke hadi siku 30 na ndege 1 kwa siku. Pendekezo halikuwa siri. Lilizungumzwa kwenye mikutano ya wawindaji na magazeti ya uwindaji yakaliandika.

Februari 2019. Mwenye Kampuni alitia saini mikataba ya miaka mitatu kwa mashamba yote sita, kwa kodi ya zamani. Kabla ya kusaini, Mzee wa Shamba alimuuliza kama amesikia habari za Ungava. Alijibu kwamba kila mwaka kuna uvumi. Mzee hakubishana naye. Alisaini akachukua hundi yake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusisitiza, alisema, “Nilimuuliza mara moja. Mtu mzima haulizwi mara mbili.”

Masika 2019. Kanuni zilitoka kama zilivyopendekezwa. Siku 30 hazikuweza kufunika vuli na majira ya baridi kama zamani. Jimbo lilipaswa kuchagua, na lilichagua wakati ambapo ndege wahamao huwa wengi. Wateja waliozoea kuja Novemba na familia zao walibaki bila tarehe.

Kiangazi 2019. Simu zikaanza. Karibu theluthi ya vikundi vilitaka fedha zao. Fedha zilikuwa zimeshaingia kwenye kodi.

## Maamuzi manne na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa haraka, na ulikuwa mbaya kuliko yote. Mwenye Kampuni aliwaandikia wateja wote barua akiwaahidi kwamba upungufu wa bata bukini utafidiwa kwa bata kichwa-kijani (mallard). Hoja yake ilikuwa na mantiki: msimu wa bata ulibaki siku 60, na jumla ya bata kwa siku ilibaki 6. Ila alikuwa amesoma ukurasa wa bata bukini peke yake. Kurasa chache mbele, kanuni zile zile zilikuwa zimepunguza kikomo cha bata kichwa-kijani katika ukanda wa Atlantiki kutoka 4 hadi 2, na kati ya hao wawili jike asizidi mmoja. Bata kichwa-kijani wa mashariki walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 20 tangu 1998, na kupunguza huko kulikuwa kumeshasubiriwa na waliofuatilia. Barua ya pili, ya kuomba radhi, ilitoka baada ya siku tisa. Mteja mmoja alizirudisha barua zote mbili ndani ya bahasha moja, bila neno.

Uamuzi wa pili ulikuwa kufungua kazi Septemba, katika msimu wa mapema uliowekwa kwa ajili ya bata bukini wakaazi, wenye kikomo kikubwa zaidi. Hili halikuwa wazo jipya, ila kampuni ilikuwa imelidharau: joto, mbu, na mahindi mengi bado yamesimama kwa hiyo mashamba yanayofaa ni machache. Safari hii hapakuwa na nafasi ya kudharau.

Wa tatu ulikuwa kugeukia bata bukini weupe. Kikomo chao wakati huo kilikuwa 25 kwa siku kwa sababu walikuwa wamezidi hadi wanaharibu mimea ya mazalio na malisho yao. Kwenye karatasi ni biashara nono. Shambani ni ndege wanaotembea kwa makundi ya maelfu, macho maelfu, na shamba walilokuwamo jana leo hawalitaki. Wanataka bata bandia kwa mamia. Kampuni ilinunua kwa mkopo.

Wa nne ulikuja kwa wazo la Mzee wa Shamba, si la Mwenye Kampuni. Alikuja ofisini mwezi Agosti akapendekeza mkataba uvunjwe na uandikwe upya: kodi ihesabiwe kwa siku zilizo wazi kisheria, ikizidishwa kwa kikomo cha siku, na kuwe na kiwango cha chini kisichoshuka ili shamba lisikae bure. Siku 50 kwa ndege 2 ni vipimo mia. Siku 30 kwa ndege 1 ni thelathini. Kodi haikushuka kwa kiasi hicho chote, kwani kiwango cha chini kiliizuia, lakini ilishuka. Nilimuuliza kwa nini apunguze mapato yake mwenyewe. Alisema mwaka 1995 aliyekodi shamba lake alikimbia deni, na kwa miaka minne hakupata hata senti. Mpangaji aliyebaki anamfaa kuliko kodi asiyolipwa.

Wakulima wawili waliufuata mfano wake. Wawili walikataa, nao walikuwa na haki, mkataba ni mkataba. Wa sita alikubali kuvunja, kisha akalikodisha shamba kwa marafiki wa shemeji yake.

## Asubuhi ya kwanza ya msimu

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu hakuna aliyelitarajia, na ukilifikiria dakika mbili unaona lilikuwa lazima litokee.

Shimo la shamba la Mzee, watu watano kwenye benchi: wateja wanne na Kiongozi, mbwa chini ya miguu. Kuwinda kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Umande umeganda juu ya mabua, bata bandia wamepangwa kama herufi U, mdomo wa U ukiangalia upepo unakoelekea. Kiongozi anaita kwa filimbi. Ndege kumi na mmoja wanazunguka mara mbili, wanakunja mbawa, wanateremsha miguu. Kwa miaka kumi na mitano neno lake limekuwa moja, na asubuhi hiyo lilimtoka kama kawaida: “Sasa!”

Kifuniko kikafunguka, bunduki nne zikapiga kwa pamoja. Sheria inaruhusu bunduki ya marisawa iwe na risasi tatu tu, kwa hiyo zilikuwamo kumi na mbili. Ndege watano walianguka.

Watu wanne, ndege watano, kikomo mmoja kwa mtu. Chini ya kikomo cha 2 kundi lingekuwa na nafasi ya watatu zaidi, na swali la nani kampiga nani lisingeulizwa. Chini ya kikomo cha 1, mfyatuo mmoja wa pamoja ulikuwa umeshavunja sheria kabla jua halijatoka.

Mteja mmoja alisema jambo ambalo nadhani watu wengi wangelisema: “Wewe si una leseni? Huyu wa tano mhesabu wako.” Kiongozi alikuwa na leseni na kikomo chake kilikuwa kizima. Lakini bunduki yake ilikuwa imeegemea ukuta wa shimo, haijafyatuliwa. Sheria ya ndege wahamao inampa kila mtu kikomo chake mwenyewe. Hakuna kapu la pamoja, na huwezi kuazima nafasi ya mwenzako. Alikataa. Akatoka shimoni, akawapanga wale ndege watano kwenye mtaro, akapiga simu kwa askari wa wanyamapori wa jimbo.

Askari alifika baada ya kama dakika arobaini. Akauliza nani alifyatua mwisho. Hakuna aliyejua, na nadhani hakuna aliyedanganya. Alimchukua ndege wa tano, akaandika onyo kwa wote watano, Kiongozi akiwemo. Saa mbili asubuhi wateja walikuwa wamerudi garini, siku yao imekwisha, na kahawa kwenye chupa bado ya moto.

Hapo palikuwa na hasara mbili kwa mpigo. Sheria ilivunjwa, na watu waliosafiri mwendo wa saa sita walipata uwindaji wa sekunde nne.

Jioni hiyo Kiongozi aliandika utaratibu kwa mkono kwenye upande wa pili wa fomu ya mteja. Watu wapige kura ya kupanga zamu kabla ya kuingia shimoni. Mwenye zamu peke yake ndiye mwenye risasi ndani ya bunduki. Wengine zao ziko wazi, tupu. Achague ndege wa pembeni mwa kundi, asipige katikati ambapo chembe za marisawa humjeruhi na wa nyuma. Ndege akijeruhiwa akaanguka mbali, mbwa anatumwa, wote wanangoja, na zamu imekwisha hata asipopatikana. Hilo la mwisho ni kali kuliko sheria. Sheria inakutaka ufanye juhudi za kweli kumtafuta ndege uliyempiga. Kiongozi aliongeza kwamba ukimpoteza, umemtumia.

Mwenye Kampuni aliupinga utaratibu huo. Mteja, alisema, halipi kukaa na bunduki tupu akimtazama mwenzake. Kiongozi alimjibu kwamba basi asubuhi inayofuata aende yeye shimoni.

## Matokeo

Utaratibu wa zamu ulifanya kazi vizuri kuliko Kiongozi mwenyewe alivyotarajia. Asubuhi zilirefuka hadi saa tatu, nne. Asiye na zamu alianza kutazama ndege: jinsi kundi linavyoongozwa, jinsi jozi inavyokaa pamoja. Baba mmoja alimwachia mwanawe zamu yake ya kwanza, akasema hajawahi kukiona kitu hicho waziwazi kwa sababu miaka yote alikuwa akifyatua. Ndege waliojeruhiwa na kupotea walipungua wazi kwenye daftari la Kiongozi. Hakuna onyo jingine lililoandikwa msimu ule.

Septemba ililipa, si sana, lakini ililipa. Bata bukini weupe hawakulipa. Walikaa vizuri siku tatu katika Januari nzima. Siku zilizobaki wateja waliangalia wingu jeupe likishuka shamba la jirani. Mkopo wa bata bandia ulikuwa bado haujaisha nilipozungumza nao mara ya mwisho.

Theluthi ya wateja ilirudishiwa fedha kwa awamu. Wengine walikubali bei iliyopunguzwa, na waliobaki walihamisha tarehe. Kampuni iliingia msimu uliofuata na mashamba manne badala ya sita, na kiongozi mmoja kati ya watatu hakuitwa tena.

## Uchambuzi

Ukimuuliza Mwenye Kampuni kilichomponza, atakuambia ni kikomo. Mimi sikubaliani naye. Kikomo kilikuwa jibu sahihi kwa kilichotokea Ungava, na kama kina kasoro ni kwamba kilichelewa kwa mwaka mzima. Kilichomponza ni kusaini Februari akitazama mashamba ya Februari. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya biashara hii hutanda Quebec, mwezi Juni. Kuanzia siku theluji ilipochelewa hadi siku aliposaini ilikuwa imepita miezi minane. Mkia wa ndege ulimwambia, Kiongozi alimwambia, baraza lilitangaza, Mzee aliuliza.

Lakini kumlaumu peke yake ni kurahisisha. Habari iliyowafikia wawindaji ilikuwa ya jozi: zilikuwa 161,000, sasa 112,000. Mtu anasikia hivyo, anatazama nje, anaona ndege elfu tatu kwenye shamba moja, anacheka. Hakuna aliyemweleza kwa lugha ya shambani kwamba wahamaji waliomo katika elfu tatu hao karibu wote ni wazima, kwamba wengi wa utakaowapiga watakuwa watagaji, na kwamba darasa la 2018 lisilozaliwa litaonekana kama pengo pale ambapo lingeanza kutaga, 2021 hivi. Kiongozi aliweza kulieleza hilo kwa manyoya mawili mkononi. Nilimwona akifanya hivyo mbele ya wateja waliokuja na hasira, na hasira ikapoa kabla hajamaliza. Idara zenye wataalamu wa kutosha zingeweza kuanza na manyoya hayo badala ya jedwali.

Kuhusu siku na kikomo, ipo hoja ambayo wateja kadhaa waliileta na si ya kupuuzwa: kwa nini isiwe siku 15 na ndege 2? Hesabu ya juu juu ni ile ile, thelathini. Ila haifanyi kazi ile ile. Kikomo cha 1 hakipunguzi tu ndege kwa mtu, kinapunguza watu. Wengi hawataamka usiku wa manane, waendeshe saa sita, kwa ndege mmoja, na asiyekuja hapigi kabisa. Kwa kundi la ndege hiyo ni nafuu kubwa. Kwa kampuni ni pigo kubwa kuliko kupoteza siku, kwa sababu siku iliyopotea unaweza kuifidia, ila mteja aliyeona haina maana haji siku yoyote. Ningekuwa mshauri wa ndege ningechagua kikomo cha 1. Ningekuwa mshauri wa kampuni ningelilia siku 15. Sioni namna ya kuyapatanisha hayo mawili.

Kosa la bata kichwa-kijani sitalitetea. Lakini si kosa la uvivu. Alikuwa amejifunza kusoma kanuni kama mtu wa bata bukini, kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi hilo lilitosha. Vikomo vya ndege wawili tofauti vilianguka msimu mmoja kwa sababu mbili zisizohusiana. Mbadala wako unaweza kuwa mgonjwa wakati huo huo, na ugonjwa wake hauandikwi kwenye ukurasa wako.

Kati ya yote, mkataba wa Mzee ndio nimeutumia kufundishia mara nyingi zaidi. Haukuhitaji mtu yeyote abashiri chochote. Uliziunganisha fedha na kitu kile kile ambacho sheria inabadilisha, na ukamwachia kila upande sehemu ya hasara. Wakulima wawili waliokataa walilipwa kamili mwaka ule. Walipotafuta mpangaji baadaye, kila aliyekuja aliwauliza kuhusu mkataba wa yule mzee.

## Juni iliyofuata

Mwaka 2020 Mwenye Kampuni alikuwa amebadilika. Mwezi Mei alianza kutazama picha za theluji za Ungava kila Jumatatu, na aliniambia hatachapisha bei mpaka asikie hesabu ya jozi. Juni ilifika, mpaka wa Kanada ukiwa umefungwa kwa sababu ya korona, na eropleni za utafiti hazikuruka. Hapakuwa na hesabu ya kusubiri. Msimu wa 2020–2021 uliendelea na siku 30 na ndege 1, na kuhusu ule wa baada yake hakuna aliyeweza kumwambia lolote.

Nilipopita ofisini kwake fomu mpya zilikuwa mezani. Nafasi ya bei ilikuwa imejazwa kwa penseli, na pembeni yake palikuwa na kifutio.